Kuwatoa madaktari kwenye karatasi na WhatsApp: mwongozo kamili wa kutuma rufaa kwa meseji salama

Karatasi ya rufaa huku kwetu inasafiri kwenye pindo la kanga pamoja na nauli. Ikifika hospitali kubwa ishakunjwa mara nne, imelowa jasho, wino umesambaa, na ukiikunjua unakuta mstari mmoja tu: tafadhali mpokeeni mgonjwa huyu kwa matibabu zaidi. Presha ilikuwa ngapi, kapewa dawa gani, saa ngapi, hamna. Daktari anayepokea anahangaika kupiga simu kule alikotoka mgonjwa, namba haipatikani, basi anaanza moja kama vile mgonjwa kashuka toka mbinguni.

Ndo maana watu wakahamia WhatsApp na mi siwalaumu hata kidogo. Picha ya eksirei inatupwa kwenye grupu saa nane usiku, bingwa mmoja yuko macho, dakika tano kajibu. Kwa spidi hiyo sijawahi kuona mfumo unaoishinda. Shida ni kinachobaki kwenye simu za watu baada ya jibu kutoka, nitafika huko.

Mi ni mtu wa TEHAMA hospitalini, sio daktari, na haya ninayoandika nimeyajua kwa kushindwa kwanza. Mara ya kwanza tulipoleta mfumo wa kutuma rufaa kwa meseji tulifanya kila kitu kitaalamu: vishikwambi vikaja, watu wakaitwa ukumbini siku mbili, posho ikalipwa, picha ya pamoja ikapigwa, keki ikakatwa. Baada ya wiki sita nikafungua mfumo kuangalia nikakuta rufaa 2. Moja ilikuwa yangu mwenyewe, nimeandika "jaribio". Nyingine ilikuwa ya kweli, tabibu wa kituo kimoja cha afya cha mbali kaituma Jumamosi jioni, kaiandika vizuri kabisa, na mpaka siku ile mi naiona hakuna mtu aliyekuwa ameifungua. Nikampigia kumuomba radhi. Akaniambia tu, "mi nlijua." Hakutuma tena karibu mwaka mzima.

Huyo tabibu ndo kanifundisha hii kazi. Ukimhubiria daktari usalama wa taarifa atakuitikia kwa kichwa na kesho atashika kalamu yake ileile, ila siku akituma kitu akajibiwa na mtu anayemheshimu, kesho yake anatuma tena bila kuambiwa. Kwaiyo hatua zote hapa chini nimezipanga kwa kuanzia upande wa anayepokea, tofauti na miradi mingi inavyofanya.

Hatua ya 1: ifuate karatasi yenyewe

Kabla hujagusa kompyuta, toa wiki moja. Kaa mapokezi asubuhi uone karatasi inaenda mkononi kwa nani. Sisi tuligundua inasomwa kwanza na mtu wa dirishani, anachotafuta yeye ni jina na muhuri, alafu inaingia kwenye faili, nesi wa wodi anaisoma, na daktari anaiona mwisho kabisa, saa nyingine haioni kabisa manake ndugu wa mgonjwa kaondoka nayo. Sasa we ukiunda mfumo unaomtumia daktari peke yake, umewaruka wale wengine ambao ndo wanaoifanya kazi iende.

Alafu chukua rejista za MTUHA, yaani vitabu vya taarifa za wagonjwa, za vituo vinavyokuletea wagonjwa, hesabu rufaa za miezi mitatu, ngapi zilitoka na kwa ugonjwa gani. Nenda hospitali inayopokea uhesabu zilizofika. Namba hazitalingana. Tofauti hiyo iandike kwenye karatasi moja, ndo utakayoingia nayo ofisini kwa mganga mfawidhi na kwa DMO, mganga mkuu wa wilaya, na nakuhakikishia itasikilizwa kuliko maelezo yoyote ya teknolojia.

Usianze na mnyororo mzima wa zahanati, kituo cha afya, wilaya, mkoa, kanda hadi Muhimbili. Chagua kiungo kimoja chenye wagonjwa wengi, kwa mfano vituo vitano na hospitali ya wilaya, na aina moja au mbili za rufaa, labda wazazi na ajali. Denmark ambao wanasifiwa sana kwa haya mambo, walipoanzisha MedCom, mradi wao wa kutumiana taarifa za afya kwa kompyuta, mwaka 1994 walianza kwa kukubaliana muundo wa meseji zinazopita mara nyingi, rufaa, majibu ya maabara, dawa, taarifa ya mgonjwa kuruhusiwa, kila hospitali na kila daktari wakabaki na programu zao. We una vituo vitano tu, unaharakia wapi?

Hatua ya 2: ijue sheria, ila usiifanye fimbo

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, yaani zinataka uangalifu kuliko jina na namba ya simu tu. Majibu ya VVU yana ulinzi wake toka sheria ya UKIMWI ya 2008. Wenzetu wa Kenya wana sheria ya data ya 2019 na ile ya afya ya kidijitali ya 2023, kwaiyo msomaji wa Kisumu au Mombasa nae asijione yuko nje. Na kama hospitali ni ya serikali, kumbuka mradi wa TEHAMA unapita kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao, usije ukanunua kitu alafu kikazuiliwa njiani.

Haya yote yajue we, yaweke kwenye barua ya kuombea ruhusa. Kwa madaktari usiende nayo. Nilishajaribu kusimama kwenye kikao cha asubuhi nikataja vifungu, bingwa mmoja akaniuliza mbele ya watu, "kwaiyo mgonjwa afe ila siri yake iwe salama?" Chumba kizima kikacheka, mi nikakaa chini.

Kilichowagusa ni tukio. Kwenye grupu moja la rufaa lenye watu 140 na kitu, mtu alipiga picha fomu ya maabara, jina linaonekana, majibu yanaonekana. Kwenye grupu kulikuwa na dereva wa zamani wa ambulensi ambaye alishaacha kazi muda mrefu, hakuna aliyekumbuka kumtoa. Mgonjwa alikuwa shemeji yake. Jioni ile familia nzima ilijua kabla mgonjwa mwenyewe hajapewa majibu. Nilipowasimulia hili hakuna aliyecheka, kila mtu alitoa simu yake taratibu akaanza kuangalia yuko kwenye magrupu mangapi.

Na uwaeleze ukweli bila kuisingizia WhatsApp. Meseji zake zimefungwa toka simu hadi simu tangu 2016, njiani hakuna anayesoma. Ila picha inajihifadhi kwenye galari, galari inaweza kujipakia yenyewe kwenye akaunti ya Google, simu anachezea mtoto nyumbani au inaachwa kwa fundi kubadilishwa kioo, na rekodi yenyewe haipo kwenye faili la mgonjwa. Kesho kukiwa na kesi hakuna wa kuonyesha nani aliambiwa nini saa ngapi. Hii ya mwisho ndo inayowaamsha madaktari kuliko ile ya siri ya mgonjwa, manake inawahusu wao.

Hatua ya 3: anayepokea awe tayari kabla anayetuma hajaambiwa chochote

Hapa kaa muda mrefu, ukiharakisha utaishia kama mimi na ile keki.

Kwanza, kisanduku cha kupokelea kisiwe cha mtu. Kikiwa cha Dokta fulani, akienda likizo rufaa zinalala. Kiwe cha zamu: "Zamu ya wazazi", "Zamu ya dharura". Anayeingia zamu ndo anakimiliki kwa masaa hayo. Simu au kishikwambi cha rufaa kinakaa mezani, kwenye chaja, kimefungwa na mnyororo mdogo kama kalamu ya benki (watu walicheka, ila sijapoteza hata kimoja), na kinakabidhiwa kwenye daftari la makabidhiano pamoja na funguo za kabati la dawa. Nimeshaona mstari umeandikwa: "Simu ya rufaa 1, chaji 80%, rufaa 2 hazijafika." Nikiona mstari kama huo najua mfumo umeshaingia kwenye damu ya wodi, hata kama takwimu bado mbaya.

Pili, kubalianeni muda wa kujibu na muuandike. Sisi tuliweka dakika 15 kwa dharura, na siku inayofuata ya kazi kwa zisizo za haraka kama hernia au kliniki ya macho. Kujibu hapo ni kusema tu "tumeipata, tunamsubiri" au "msimlete huku leo, chumba cha upasuaji kimejaa, mpelekeni mkoani". Jibu la pili lina thamani sana, linaokoa safari nzima ya ambulensi.

Tatu, dharura haisubiri meseji. Kwanza piga simu, alafu tuma maelezo mgonjwa akiwa njiani. Kwa mama mjamzito na mtoto mchanga kuna usafiri wa m-mama kwa namba 115, huo uendelee kama ulivyo, meseji yako inabeba maelezo ya kitabibu tu. Dakika 15 zikipita bila jibu anayetuma anapiga namba ya zamu, na namba hiyo ibandikwe ukutani kwa maandishi makubwa kule kituoni.

Nne, jaribu kabla ya kufungua. Kwa wiki mbili mi nilikuwa natuma rufaa za bandia, jina "Mgonjwa Wa Jaribio", Jumapili mchana, saa kumi alfajiri, siku ya mechi ya Simba na Yanga. Wa zamu wanajua zitakuja ila hawajui saa ngapi. Wiki ya kwanza zilijibiwa chini ya nusu. Sikumripoti mtu, nilikuwa naenda tu asubuhi na chai na maandazi kuuliza ilikuwaje, nikagundua sauti ya simu ilikuwa imezimwa kwa sababu inapiga kelele wakati wa raundi, tukabadilisha mlio. Zilipofika 9 kati ya 10 zinajibiwa ndani ya muda ndo nikawaambia vituo.

Hatua ya 4: chagua mfumo kwa macho ya mtu wa zamu ya usiku

Sitakutajia programu ya kununua, zinabadilika na kila mkoa una mambo yake. Kama hospitali yenu tayari ina mfumo wa kieletroniki kama GoT-HoMIS au OpenMRS uliza kwanza kama unaweza kubeba rufaa humohumo, manake daktari anachukia kufungua dirisha la pili. Ukilazimika kuchukua kingine, mwenye kuuza akija na projekta yake mwambie azime projekta, atoe simu ya laki moja na nusu, aweke laini yenye mtandao wa kusuasua, alafu atume rufaa yenye picha moja mbele yako. Mtandao ukikata katikati meseji isipotee, ikae kwenye foleni ijitume yenyewe ukirudi.

Mengine ya kuangalia: picha isijihifadhi kwenye galari. Apu ijifunge yenyewe baada ya dakika chache na ifunguliwe kwa PIN au kidole. Kila mtu na akaunti yake hata kama kisanduku ni cha zamu, ionekane nani kafungua na saa ngapi. Simu ikiibiwa uweze kuifuta ukiwa mbali. Iweze kuprinti. Na taarifa ziwe zinatoka, yaani siku mkihama mfumo mziondoe zote, muuzaji asizishike mateka. Uliza pia seva iko wapi na nani ana funguo zake, akianza kujizungusha kwenye swali hilo muage kwa heshima.

Kiasi cha kubofya nacho kihesabu. Ikizidi dakika tatu kuandika rufaa ya dharura, kalamu imeshinda.

Hatua ya 5: fomu iwe fupi, na saa ziandikwe namna moja

Wakubwa watataka kuongeza vipengele: dini, kabila, mtaa, jina la mjumbe. Kataa kiungwana. Anayepokea anahitaji kujua nani huyu, ana nini, mmemfanyia nini na saa ngapi, mnataka tufanye nini. Angalia hii, nimeibadilisha ila ndo sura yenyewe:

*DHARURA. Kutoka: kituo cha afya, wodi ya wazazi. Kwenda: Zamu ya wazazi, wilayani.*
*Mama, miaka 24, mimba ya pili, mtoto mmoja hai, wiki 38. Kichwa kinauma sana toka asubuhi, anaona maluweluwe. Presha 170/110 saa 14:05. Mkojo protini +++. Mapigo ya mtoto 142. Njia sentimita 2.*
*Amepewa: magnesiamu salfeti gramu 4 mshipani na gramu 10 kwenye msuli, 5 kila upande, saa 14:20. Haidralazini mg 5 mshipani saa 14:25. Katheta imewekwa.*
*Presha ya mwisho 150/100 saa 14:50.*
*Tunaomba aendelee na magnesiamu na mtoto atolewe.*
*Kaondoka 15:00 kwa ambulensi, nesi yuko naye.*

Mtu mwenye karatasi ya "mpokeeni kwa matibabu zaidi" hajui kama magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, imeshaingia, akirudia dozi ya kuanzia anaweza kumzimisha pumzi, akiogopa asimpe, mama anaweza kupata degedege la kifafa cha mimba mlangoni. Hapa anaona imeanza 14:20, gramu 5 inayofuata ni baada ya masaa manne, 18:20, na kabla yake anapima pumzi, anagonga goti, anaangalia mkojo.

Sasa kuhusu saa. Hili sijaliona kwenye mwongozo wowote wa kizungu manake haliwahusu. Nesi wetu mmoja aliandika "saa 8:20", akiwa na maana ya mchana, saa nane na dakika ishirini. Daktari aliyepokea, mtu wa kuhesabu saa kizungu, akasoma saa mbili na ishirini asubuhi, akahesabu dozi ishapitiliza, akataka kuchoma hapohapo. Kilichomuokoa mama ni nesi aliyekuja naye kwenye gari. Toka siku ile fomu yetu inakubali saa 24 tu, na kila ukibofya "dawa imetolewa" mfumo unapiga saa wenyewe, mtu anarekebisha ikibidi.

Lugha waachie. Wengine wataandika Kiswahili, wengine Kingereza cha hospitali, wengi watachanganya. Almradi inaeleweka usimsahihishe mtu.

Hatua ya 6: mtafute dokta mzee

Kila hospitali ina mmoja. Ana kalamu yake, muhuri wake mfukoni, wote wamepita mikononi mwake wakiwa intani. Vijana watakukubalia siku ya kwanza, ila wanamuangalia yeye. Usimpelekee mafunzo, mpelekee kitu anachokikosa.

Wa kwetu nilimfuata mara mbili akanifukuza kwa upole. Mara ya tatu:

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba kijana wangu. Umekuja na simu zako tena?"

"Hapana Dokta, leo nina swali. Yule mama wa uvimbe tumboni uliyempeleka mkoani mwezi uliopita, aliendeleaje?"

Akavua miwani. "Sijui. Mimi miaka thelathini napeleka watu, anayerudi kuniambia ni ndugu, akija kushukuru au akija na habari ya msiba."

Nikaondoka bila kugusia mfumo. Nikamuomba daktari wa upasuaji kule mkoani, ambaye tulishamuunganisha, aandike mistari minne: walimfungua tarehe ngapi, walikuta nini, maabara imesema nini, arudi lini kutolewa nyuzi na atolewe na nani. Ikaja kesho yake. Nikaipeleka kwa mzee ikiwa kwenye simu, sikuiprinti makusudi. Akaisoma mara mbili, alafu akauliza, "hapa ukitaka kumjibu unabonyeza wapi?"

Mpaka leo anaandika kwa kidole kimoja na anasahau PIN kila Jumatatu. Ila ndo yeye anayewauliza vijana kwenye raundi, "umemtuma kwa maandishi au kwa mdomo tu?" Hiyo kauli yake moja imefanya kazi kuliko semina zangu zote.

Hatua ya 7: mafunzo ya dakika 20, wodini

Ukumbi hapana. Posho ikishaingia watu wanakuja kwa ajili ya posho, na anayekuja sio anayeshika zamu. Nenda wodini saa saba na nusu asubuhi kabla ya raundi au jioni kwenye makabidhiano, wawiliwawili, wakiwa na simu mkononi, na watume rufaa ya mgonjwa wa kweli aliyepo, sio ya mfano. Mtu akishatuma moja na kujibiwa akiwa amesimama hapo, umemaliza. Rudi baada ya siku tatu, manake maswali ya kweli yanakuja siku ya tatu.

Manesi na matabibu wafundishe kabla ya madaktari. Ndo wanaoandika rufaa nyingi kule chini, na ndo watakaomkumbusha daktari.

Hatua ya 8: karatasi ipewe tarehe ya kufa

Kujaza mara mbili, karatasi na mfumo, wavumilie mwezi mmoja, ikizidi hapo wataacha mfumo na watakuwa na haki. Tangaza tarehe mapema: kuanzia siku fulani rufaa zisizo za dharura kwenye kiungo hiki hazipokelewi kwa karatasi, labda mtandao umekufa. Uingereza walibembeleza miaka, mwishowe kuanzia tarehe 1 Oktoba 2018 hospitali ikawa hailipwi kwa miadi ya kwanza ya bingwa kama rufaa ya daktari wa familia haikupita kwenye mfumo wao wa kompyuta, ndo watu wakahama. Na hao hao mwaka huo huo hospitali zao bado zilikuwa na mashine za faksi karibu 9,000, kwaiyo usijione we ndo umechelewa peke yako.

Kuna kitu kinaitwa muhuri. Mapokezi na watu wa bima wataendelea kutaka karatasi yenye muhuri hata dunia igeuke. Usipigane nao mwanzoni. Mfumo uprinti ukurasa mmoja wenye namba ya rufaa, kituo kigonge muhuri, mgonjwa atembee nao. Maelezo ya kitabibu yanabaki kwenye meseji, kwenye karatasi weka jina, namba na wapi anaenda. Hata ikisomwa na kondakta haina siri. Dharura haizuiliwi kwa sababu ya fomu yoyote ile, hilo waambie walinzi wa getini pia.

Hatua ya 9: majibu yarudi chini

Ile karatasi ya rufaa ina kipande cha chini cha kujibia. Waulize matabibu wako mara ya mwisho walikiona kimerudi lini.

Kwenye mfumo rufaa isifungike mpaka mtu wa juu aandike kilichotokea. Hawatapenda, kazi inaongezeka kwao na faida inaenda kwa mwingine. Dawa tuliyoipata ni kuunganisha na karatasi ya kuruhusiwa mgonjwa: intani anapoandika ile ya kutoka wodini, nakala yake ya mistari minne inashuka yenyewe kwa aliyemleta. Hakuna kuandika mara mbili. Na kila Ijumaa nabandika ubaoni namba tatu tu: rufaa zilizopita kwenye mfumo kati ya zote za kwenye rejista, zilizojibiwa ndani ya muda, na zilizorudishiwa majibu. Kwa wodi, bila jina la mtu. Wodi ya watoto walivyoona wodi ya wazazi imewapita wakanifuata wenyewe kuuliza wanakosea wapi.

Yule tabibu wa Jumamosi jioni alirudi kipindi hiki. Meseji yake ya kwanza baada ya muda wote ule ilikuwa na neno moja, "mpo?" Zamu ya dharura ikamjibu baada ya dakika nne, "tupo dokta, tuma." Akatuma, mtoto mwenye kuungua moto, maelezo kama kawaida yake hayana doa. Baada ya siku tisa akapata jibu kuwa mtoto karuhusiwa na anakuja kwake kubadilishwa bandeji.

Hatua ya 10: vitakavyokusumbua kila wiki

Bando. Likiisha mfumo umekufa, na daktari hataweka la kwake mara ya pili. Liwe kwenye bajeti ya kituo kama mafuta ya jenereta, na weka laini za mitandao miwili tofauti.

Umeme. Betri ya akiba moja kwa kila kituo, na daftari la rufaa lenye karatasi ya kaboni kwa siku mbaya. Mtandao ukirudi wa zamu anaingiza zilizoandikwa, sio mtu wa TEHAMA.

Paswedi moja ya wodi nzima iliyobandikwa ukutani na plasta. Utaikuta tu. Ukiikuta usifoke, uliza kwa nini, mara nyingi ni kwa sababu kufungua akaunti ya intani mpya kunachukua wiki mbili. Fanya ichukue dakika kumi na karatasi ya ukutani itatoka yenyewe.

Grupu la WhatsApp litaendelea kuwepo. Usilifute, waache waitane humo: "angalieni mfumo, nimetuma mgonjwa." Bila jina wala picha. Akiteleza mtu admini afute papo hapo na amwandikie pembeni, sio mbele ya grupu.

Simu ikipotea, aliyeipoteza apige saa hiyohiyo hata usiku wa manane, na asiadhibiwe. Ukimkata mshahara mtu wa kwanza, wa pili atakaa kimya wiki nzima akiitafuta mwenyewe.

Na uhamisho. Kila mwisho wa mwezi omba kwa afisa utumishi orodha ya waliohama, waliostaafu na waliomaliza intani, ufunge akaunti zao siku hiyo, alafu upite kwenye grupu uhakikishe nako wametolewa, ukianza na madereva.